GITAA DARASANI: SOMO KWA WALIMU NA WAZAZI



Wazazi wengi wamwonapo mtoto wao ameshika gitaa hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza hunung'unika, wakisema: "Chombo hicho ni cha vilabuni, kitamharibu mtoto." Fungu la pili hufurahi, humnunulia mtoto gitaa, kisha humwacha peke yake nalo, na haupiti mwezi, gitaa latundikwa ukutani likishika vumbi. Mafungu yote mawili yamekosea. Lakini kosa la pili ndilo lenye hasara kubwa zaidi, maana mtoto hutoka humo akiamini jambo lisilo la kweli, yaani kwamba yeye hakujaliwa kipaji cha muziki.

Leo twapenda kueleza jinsi mwalimu awezavyo kuwafundisha gitaa wanafunzi wengi pamoja, darasani, hata ikiwa magitaa ni machache na mwalimu mwenyewe si fundi mkubwa. Twawaandikia walimu wa shule na viongozi wa kwaya, na wazazi pia. Kwa kuwa mwalimu hukaa na mtoto dakika 40 tu, na saa nyingine zote za juma mtoto yu mikononi mwa wengine.

Kosa la mwandishi

Mwandishi wa maneno haya alikuwa mwalimu wa gitaa, na hana budi kuanza kwa kuungama kosa lake.

Katika darasa langu la kwanza alikuwamo msichana mmoja mpole aliyekaa safu ya nyuma. Kila alipobonyeza nyuzi, gitaa lake lilitoa mlio wa kukwaruza, au halikulia kabisa. Wenzake walisonga mbele, yeye akabaki. Majuma matatu yalipopita, uvumilivu ulinishinda, nikamwambia mbele ya wote: "Wewe nenda ukaimbe. Mikono yako si ya gitaa." Alisimama, akanikabidhi chombo kwa mikono miwili, akatoka. Hakurudi tena.

Mwisho wa muhula nilikusanya magitaa ili nibadilishe nyuzi. Nilipolishika lile alilokuwa akilitumia, niliona shingo yake imepinda. Nyuzi zilisimama juu sana, hata penseli nzima ingaliweza kupita chini yake. Nilijaribu kulipiga mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye vidole vilivyokwisha kuwa vigumu, nikashindwa. Mikono ya yule msichana haikuwa na kosa lo lote. Kosa lilikuwa la chombo, na la mwalimu aliyempa chombo hicho bila kukichunguza.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Haidhuru, mwalimu." Lakini gitaa hakulishika tena.

Basi yote yafuatayo yameandikwa ili msomaji asilifanye kosa hilo.

1. Je, ni chombo cha walevi?

Tuanze kwa kulijibu lile fungu la kwanza, maana mtoto asiyekubaliwa nyumbani hawezi kujifunza vizuri shuleni.

Mkesha wa Noeli wa mwaka 1818, katika kijiji cha Oberndorf nchini Austria, padre kijana jina lake Joseph Mohr aliimba pamoja na mwalimu wa shule, Franz Xaver Gruber, wimbo mpya wa Noeli. Maneno yalikuwa ya Padre Mohr, sauti ilikuwa ya mwalimu Gruber. Chombo kilichowasindikiza kilikuwa gitaa, na aliyelipiga alikuwa padre mwenyewe. Wimbo huo ndio ule wa usiku mtakatifu, uimbwao leo duniani kote, na kila parokia yetu yaujua. Aliyezaliwa kando yake wimbo huo hawezi kuitwa chombo cha walevi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika Hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikipa kinanda cha mabomba heshima ya kwanza. Lakini uliruhusu vyombo vingine pia, kwa kibali cha wakubwa wa Kanisa wanaohusika, mradi vifae kwa ibada, vilingane na heshima ya nyumba ya Mungu, na viwasaidie waamini kweli. Basi swali la haki si kama gitaa ni chombo kiovu au chema. Swali ni, limepigwaje, na limepigwa kwa nia gani? Kisu ni kile kile jikoni na porini.

Tena gitaa si geni kwetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, mji wa Katanga uitwao leo Likasi, kijana mmoja Mwenda Jean Bosco. Kijana huyo alipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, lakini aliyemsikia angaliapa kwamba wanapiga watu wawili: gumba likishika sauti nene za chini, shahada ikicheza juu. Wimbo wake "Masanga" ulimjulisha mbali sana, na mtindo huo wa vidole viwili ulipendwa katika nchi zote zinazozungumza Kiswahili. Kenya ilikuwa na Fundi Konde na George Mukabi. Tanzania ilikuwa na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979, ambaye gitaa lake bado lasikika redioni. Mtoto ajifunzaye gitaa hajifunzi desturi ya ugenini. Aingia katika nyumba ambayo wazee wake wamekwisha kuijenga.

2. Chunguza chombo kabla ya kumchunguza mtoto

Hii ndiyo kanuni ya kwanza. Kabla ya kipindi cha kwanza mwalimu na ashike kila gitaa, moja moja, alipige yeye mwenyewe.

Gitaa lina tumbo lenye tundu, shingo, na kichwa chenye masikio ya kukazia nyuzi. Juu ya shingo vimelala vyuma vyembamba vinavyoikatiza. Nafasi iliyo kati ya chuma na chuma tutaiita chumba, na chumba cha kwanza ni kile kilicho karibu na kichwa. Nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kuliko zote, ulio upande wa sakafu mpigaji anapokuwa ameketi. Huo ndio uzi wa kwanza. Ule mnene, ulio karibu na kidevu, ni uzi wa sita.

Lielekeze gitaa machoni kama fundi seremala atazamavyo ubao, uone kama shingo imenyoka. Kisha tazama kwenye chuma cha kumi na mbili, katikati ya urefu wa uzi. Katika gitaa la nyuzi za nailoni, nyuzi zikae juu ya chuma hicho kwa kadiri ya milimita 3 upande wa uzi mwembamba na 4 upande wa uzi mnene. Zikizidi sana hapo, mtoto atateseka bure. Mpelekee fundi achonge kile kipande cha mfupa kinachozibeba nyuzi juu ya tumbo, au liweke gitaa hilo kando kabisa.

Kwa wanaoanza, nyuzi za nailoni zafaa kuliko za chuma, kwa kuwa hazikati vidole. Lakini angalieni: gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni lisivikwe nyuzi za chuma kamwe. Nyuzi sita za nailoni huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Za chuma huivuta kwa kilo 70 au zaidi. Magitaa mengi ya shule yamepinda shingo au kung'oka tumbo kwa sababu hiyo tu. Mtu alinunua nyuzi alizozikuta dukani, akadhani kwamba uzi ni uzi.

Kadhalika, gitaa lisiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa. Joto huilegeza gundi. Na kwa mtoto mdogo, mwenye miaka 8 au 9, litafutwe gitaa dogo. Gitaa la mtu mzima lina uzi wenye urefu wa sentimita 65 hivi, na mkono mfupi haufiki mwisho wake bila kuupinda mgongo.

3. Kukaa na kushika

Mtoto akae kwenye ukingo wa kiti, mgongo umenyoka, mabega yamelegea. Mguu mmoja uinuliwe kidogo juu ya kitofali au kijibao, ili gitaa lisimame lenyewe juu ya paja na kifuani. Mkono wa kushoto usilibebe gitaa. Kazi yake ni kubonyeza tu. Mwambie mwanafunzi aondoe kabisa mkono wa kushoto. Gitaa likianguka, bado hajakaa sawasawa.

Vidole vya mkono wa kushoto huitwa kwa hesabu: shahada ni 1, cha kati ni 2, cha pete ni 3, cha mwisho ni 4. Aliyejifunza kinanda ajihadhari, kwa maana huko gumba ndilo 1. Katika gitaa, gumba la kushoto hukaa nyuma ya shingo, likivisaidia vidole kama koleo. Kucha za mkono huo zikatwe fupi.

Sasa ifuate siri ndogo ambayo ingalimwokoa mwanafunzi mwingi. Uzi usibonyezwe katikati ya chumba, wala juu ya chuma chenyewe. Ubonyezwe mwishoni mwa chumba, karibu kabisa na chuma kilicho upande wa tumbo. Hapo nguvu kidogo yatosha, na sauti hutoka safi. Mwache mtoto ajaribu mwenyewe: abonyeze uzi mmoja mwanzoni mwa chumba, kisha katikati, kisha mwishoni, asikilize tofauti. Akilisikia jambo hilo kwa sikio lake, hutahitaji kulikariri tena.

4. Kulinganisha nyuzi

Magitaa yasiyolingana yakilia pamoja huumiza sikio, na darasa zima hukata tamaa bila kujua sababu. Kwa hiyo mwalimu afike mapema, ayalinganishe yote kabla ya watoto kuingia.

Majina ya nyuzi, tangu wa sita hadi wa kwanza, ni E, A, D, G, B, E. Njia ya zamani ya kuzilinganisha ni hii. Bonyeza uzi wa sita katika chumba cha tano; sauti hiyo ndiyo iwe ya uzi wa tano ukiachwa wazi. Wa tano katika chumba cha tano watoa sauti ya wa nne. Wa nne katika chumba cha tano watoa sauti ya wa tatu. Wa tatu pekee hubonyezwa katika chumba cha nne ili upate sauti ya wa pili; na wa pili hurudi chumba cha tano ili upate wa kwanza. Nani ajue kama uzi wa kuanzia wenyewe uko mahali pake? Uzi wa kwanza ukibonyezwa katika chumba cha tano utoe sauti ile ile ya uma wa sauti wa A, utetemao mara 440 kwa sekunde.

Siku hizi ziko programu za simu zinazoonyesha kama uzi umelegea au umekazwa mno. Mwalimu na azitumie, hakuna haya. Lakini kila kipindi amwite mwanafunzi mmoja aje mbele, alinganishe uzi mmoja tu kwa sikio, darasa likisikiliza na kusema "bado" au "basi". Kwa njia hiyo mwisho wa mwaka masikio ya darasa zima yatakuwa yamefundishwa, na simu ikizimika kazi haitasimama.

5. Kodi mbili kwa kidole kimoja

Kodi, katika lugha ya wanamuziki, ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Walimu wengi huanza na kodi kubwa zinazohitaji vidole vitatu au vinne vilivyotawanyika. Mtoto hupoteza nusu ya kipindi akitafuta mahali pa vidole, na akishavipanga, wimbo umekwisha kupita. Anzeni na nyuzi tatu nyembamba tu, na kidole kimoja.

Kodi ya C: weka kidole 1 juu ya uzi wa pili katika chumba cha kwanza. Uache uzi wa tatu na wa kwanza wazi. Charaza nyuzi hizo tatu tu. Umepata G, C na E. Na mwanakwaya ajuaye kusoma sauti atazitambua mara moja: so, do, mi.

Kodi ya G7: kihamishe kidole kile kile kutoka uzi wa pili kwenda uzi wa kwanza, chumba kile kile cha kwanza. Umepata G, B na F, yaani so, ti, fa.

Tazameni: kidole ni kimoja, chumba ni kimoja, safari ni ya uzi mmoja. Hata hivyo kwa kodi hizi mbili nyimbo nyingi za watoto na vibwagizo vingi vya kwaya huweza kusindikizwa tangu mwanzo hadi mwisho. Wimbo unapotua na kupumzika kwenye do, piga C. Unapoinuka na kutaka kurudi nyumbani, piga G7. Usiwaambie watoto ni neno gani la wimbo linabadilisha kodi. Waimbe, wainue mkono pale wanaposikia kodi ya kwanza haikubaliani tena na sauti zao. Watapatia mapema kuliko unavyodhani.

Hizo mbili zikikaa, ongeza G kwa kuweka kidole 3 juu ya uzi wa kwanza katika chumba cha tatu. Na E ndogo haihitaji kidole cho chote: nyuzi tatu hizo zikiachwa wazi tayari ni G, B na E. Baadaye D7, kwa vidole vitatu. Kisha nyuzi nene ziongezwe moja moja, mpaka kodi zikamilike. Kodi ya F, ambayo yamlaza kidole cha shahada juu ya nyuzi mbili au zaidi, ingoje mwisho. Imewafukuza wengi walioanza nayo.

Mpango huu wa kutoka jepesi kwenda gumu si uvumbuzi wetu. Mwaka 1536, mjini Valencia, Luis Milán alichapisha kitabu cha chombo kiitwacho vihuela, ndugu wa gitaa, akakiita "El Maestro", maana yake Mwalimu. Alikipanga kwa ajili ya mtu ambaye hajapiga kamwe, akianza na vipande vyepesi na kupanda polepole. Naye aliandika mistari inayoonyesha nyuzi na tarakimu zinazoonyesha mahali pa kubonyeza, kama tufanyavyo ubaoni leo.

6. Mapigo yasisimame

Hapa ndipo madarasa mengi yavunjikapo. Mtoto akifika penye kubadilisha kodi, husimama, hutafuta mahali pa kidole, kisha huendelea. Mmoja asimama hapa, mwingine pale, na wimbo wageuka kuwa kelele.

Kanuni ni hii: mkono waweza kukosea, mapigo hayasimami. Kabla ya kushika gitaa, darasa zima lipige makofi na kuhesabu, moja, mbili, tatu, nne, hata hesabu iende yenyewe kama mwendo wa miguu. Kisha wapige kodi moja mara nne. Wakati wa kubadilisha, waambie hivi: "Pigo la nne liacheni. Litumieni kusafiri. Lakini pigo la kwanza sharti mfike." Kwa hiyo watapiga moja, mbili, tatu, kimya, moja, mbili, tatu, kimya. Katika kimya hicho vidole vyahama. Siku zikienda, safari itakuwa fupi, na pigo la nne litarudi lenyewe.

Asiyefika kwa wakati asiharakishe kulipia deni. Anyamaze, aendelee kuhesabu, aingie kwenye pigo la kwanza linalofuata. Mtoto akilielewa jambo hili amejifunza kitu kikubwa kuliko gitaa: kwamba mwenye kuanguka njiani aweza kuungana tena na wenzake bila kuwasimamisha, na bila kuachwa.

Mkono wa kulia uanze na gumba tu, likishuka juu ya nyuzi polepole. Gumba likitulia, ndipo shahada ijifunze kujibu: gumba uzi mnene, shahada uzi mwembamba, kwa zamu. Huo ndio mlango wa mtindo wa Mwenda, na hata mtoto wa miezi mitatu ya mafunzo aweza kuchungulia ndani.

7. Magitaa sita, watoto 24

Shule nyingi hazina gitaa kwa kila mtoto, wala hazitakuwa nalo karibuni. Hili si kizuizi kama mwalimu amejipanga.

Chukua mfano wa magitaa 6 na watoto 24. Wagawe makundi manne ya watoto sita sita. Kundi la kwanza lapiga. La pili laimba. La tatu lashika mapigo kwa makofi au kwa ngoma ndogo. La nne lashika vibao: vipande vya mbao vyenye upana wa shingo ya gitaa, vilivyochorwa nyuzi sita na vyumba vitano, na humo watoto huhamisha vidole kwa kimya wakifuata wimbo ule ule. Kila baada ya dakika 7 makundi yabadilishana. Zamu nne ni dakika 28. Katika kipindi cha dakika 40 zabaki dakika 12 za kufungua, kulinganisha na kufunga. Hakuna aliyekaa bure, na wimbo umerudiwa mara nyingi bila kumchosha mtu.

Keleleni pawe na amri moja tu, nayo ifundishwe siku ya kwanza: mwalimu akiinua mkono, kila kiganja chalala juu ya nyuzi. Mwalimu asipaze sauti kushindana na magitaa, atashindwa. Wakae nusu duara, ili aone kila mkono wa kushoto. Na yeye mwenyewe asikae mbele muda wote akionyesha ufundi wake. Apite nyuma yao, asahihishe kidole kimoja hapa, bega moja pale.

Tena asiwaweke wepesi wote upande mmoja na wazito upande mwingine. Mwepesi akae karibu na mzito, amhesabie mapigo. Mwepesi aongezewe kazi ndani ya wimbo ule ule: wakati wenzake wapiga kodi ya nyuzi tatu, yeye aongeze uzi mnene wa chini. Hivyo wote hupiga wimbo mmoja, kila mtu kwa kadiri yake. Hakuna anayemngoja mwenziwe kwa kinyongo, wala anayeachwa kwa aibu.

8. Kidole kinachouma

Sasa neno kwa wazazi. Mtoto atarudi nyumbani akisema vidole vyamuuma. Ni kweli vinauma. Ngozi ya ncha za vidole haijazoea, na itachukua majuma machache mpaka iwe ngumu. Msimwambie kwamba ni uvivu, wala msimwambie aache. Mwambieni apumzike, kesho ajaribu tena. Lakini maumivu ya kifundo cha mkono, ya bega au ya mgongo si ya kawaida. Hayo hutokana na kukaa vibaya au gitaa lisilofaa, na mwalimu aambiwe.

Robo saa kila siku ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi. Mkono hukumbuka kwa kurudiwa, si kwa kuchoshwa. Palipo na gitaa moja kwa watoto watatu, wapangieni zamu kama mpangavyo zamu za kuchota maji. Gitaa lisifungiwe kabatini kwa hofu ya kuvunjika; litundikwe mahali mtoto afikapo kwa mkono, mbali na jua na moto.

Mafunzo ya video katika intaneti ni mengi, na mengine ni mazuri sana. Yatumieni. Ila mjue kasoro yake moja: mwalimu wa video haoni mkono wa mtoto wenu. Hajui kwamba kidole kimekaa katikati ya chumba, wala kwamba shingo ya gitaa imepinda. Atasema tu, "Rudia," na mtoto atarudia kosa lake mara mia. Kwa hiyo mzazi, hata asiyejua nota moja, akae karibu dakika tano, aulize, "Leo mmejifunza nini? Nionyeshe." Mtoto anayemwonyesha mama yake kodi ya C amekuwa mwalimu, na afundishaye husahau kwa shida.

Mambo ya kushika

Walimu wapendwa, tukiyakusanya yote, ni haya. Chombo kichunguzwe kabla ya mtoto. Nyuzi zilinganishwe kabla ya kipindi. Kodi ya kwanza iwe ya kidole kimoja. Mapigo yasisimame. Kila mtoto awe na kazi, hata asiye na gitaa mkononi. Na kabla hujatamka kwamba mtoto fulani hawezi, lichukue gitaa lake, keti mahali pake, ulipige wewe.

Yule msichana wa safu ya nyuma sasa ni mtu mzima. Sijui kama nyumbani kwake kuna gitaa. Lakini tangu mwaka ule kila muhula, kabla watoto hawajaingia darasani, nimeketi peke yangu kwenye kila kiti na kulipiga kila gitaa, tangu la kwanza hadi la mwisho. Huchukua saa nzima. Ningaliitumia saa hiyo mara moja tu zamani, mtoto mmoja hangalitoka mlangoni akiitazama mikono yake.